Usinifute, Nishakauka: Shajara ya Leso ya Makosa

Mradi wenyewe ni huu: Jumamosi asubuhi, Kibokoni, Mombasa, katika chumba cha chini cha nyumba ya ukoo mmoja waliotukubalia tukitumie bila kodi, sharti tusiwachafulie kuta. Watoto wana umri wa miaka 8 hadi 13. Wengi ni wa papa hapa Mji wa Kale, Kuze na Bondeni. Wachache huvuka feri kutoka Likoni na hufika wameshachoka. Tunataka hadi masika yakiisha tuwe na leso moja kubwa ya kitambaa cha marekani, iliyopigwa chapa kwa mikono yao, yenye pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (maneno yake) kama leso yoyote ya Biashara Street. Tofauti ni kwamba makosa yatakayoingia humo hayatafichwa. Ninaandika kwa sababu wenzetu wa Kisauni na Mtongwe wameanza kuulizia, na kumweleza mtu mmoja mmoja kwa simu kumenichosha.

Januari, kaskazi imekaza

Tumeanza na penseli na karatasi za manila, makusudi, tuwaone walivyo. Kazi ilikuwa kuchora nyumba, yoyote. Muda si muda tukaona kwamba chombo kinachofanya kazi kubwa mezani si penseli, ni raba. Zilikuwa mbili kwa meza nzima, zikazunguka mkono kwa mkono, na aliyekuwa nayo hakutaka kuiachia. Binti mmoja wa miaka 9 alichora paa la makuti, akalifuta, akalichora tena chini kidogo, akalifuta, hata karatasi ikaanza kutoka manyoya, mwisho ikatoboka. Hakulia wala hakusema kitu. Aliweka kiganja juu ya tundu, akaendelea kuchora mlango kwa mkono wa pili, karatasi ikimkimbia kwa kukosa wa kuishika.

Mwenzangu, ambaye ana ulimi mzuri kunishinda, akasimama akawapa maneno: msiogope kukosea, hapa hakuna mtihani, kila mtu na mkono wake. Wote wakaitika "Ndiyo, mwalimu!" kwa sauti moja, wakainama, wakaendelea kufuta.

Siwalaumu. Mtoto amejua tangu chekechea kwamba kazi nzuri ni ile safi. Hata huu mtaala wa umilisi, ulioingia rasmi madarasa ya chini mwaka 2019 na kujaa kazi za mikono, umeikuta tabia hiyo imekaa kitako. Kazi inaletwa nyumbani Ijumaa, na kila mzazi wa Mombasa anamjua anayeimalizia saa tano za usiku na gundi vidoleni. Mtoto anapeleka shuleni kitu kisicho na kosa, na kisicho chake.

Kabla ya kufunga mlango tumekubaliana: hotuba basi. Mwenye kifaa kinachofutika atafuta, umwambie usimwambie. Tutabadilisha kifaa.

Jumamosi iliyofuata

Penseli zimefungiwa kabatini na raba zimeenda nazo.

Mzee anayeuza kahawa chungu na kashata pale kona alitupa kopo zima la mashapo, akitucheka. Tuliyachemsha tena kwa maji kidogo, tukachuja kwa kitambaa, tukapata wino wa hudhurungi unaoshika karatasi vizuri. Kalamu zilikuwa njiti za ufagio wa chelewa, zimechongwa ncha. Njiti ya chelewa haina adabu: ama haitoi kitu, ama inatoa wote kwa mpigo, na ukiinua mkono umeshadondosha tone. Ndiyo sababu tuliichagua. Haikuchukua muda kila karatasi ikawa na doa, ya anayejua na ya asiyejua.

Hapo nikawapa kisa cha Justinus Kerner, daktari na mshairi wa Kijerumani (1786–1862), mdogo wa mshairi wetu Muyaka kwa miaka kama 10. Uzeeni macho yalififia, wino ukawa unamdondokea kwenye karatasi. Alizikunja wino ungali mbichi, akazikunjua, akakuta maumbo ambayo upande wa kulia ni sawasawa na wa kushoto. Akayaongezea mistari michache, yakawa mizimwi na vipepeo, na chini yake akayatungia mashairi. Baadaye, mwaka 1921, Mswisi Hermann Rorschach akatoa madoa yake 10 ya kuchunguzia wagonjwa. Alipokuwa shuleni wenzake walimwita Klex, kutokana na hayo hayo madoa ya wino aliyoyapenda. Sisi hatumpimi mtu akili. Tulichukua ule mkunjo tu.

Kanuni tuliyoweka: kunja, kunjua, kisha una ruhusa ya kuongeza mistari mitatu. Minne hapana. Nadhani kanuni hiyo ndiyo iliyotufaa kuliko kahawa yenyewe. Mtoto ukimwambia "chora utakacho" anatazama dari. Ukimwambia mistari mitatu, anaanza kuizungusha karatasi akitafuta pa kuitumia, na anaitumia kwa ubahili. Yule binti wa paa aligeuza doa lake juu chini, akatia vistari viwili vifupi. "Mato haya. Mwalimu, ndoo utizame, pweza ana masharubu!" Mstari wa tatu hakuutumia. Alisema anauweka akiba.

Februari

Mchezo wa leo: mnakaa wawili wawili, unamchora mwenzako bila kutazama karatasi na bila kuinua kalamu. Pua inatua sikioni, jicho moja linatoka nje ya kichwa kabisa. Kila mtu anatoka kituko, na walimu wamo, kwa hiyo hakuna wa kumcheka mwenziwe peke yake. Kelele zilivuka ng'ambo ya njia hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Tukamkalisha, akachorwa.

Mmoja hakucheka. Ni kijana wa miaka 12 wa Likoni, ana mkono wa ajabu: anachora matatu kwa kumbukumbu, na vioo vyake, na maandishi ya ubavuni, na makanga akining'inia mlangoni. Kwake yeye mchezo huu ni kunyang'anywa. "Mimi najua kuchora. Kwa nini nichore vibaya?"

Swali la haki, na nimelala nalo. Wako wanaofundisha watoto sanaa utadhani ustadi ni ugonjwa unaotibiwa kwa rangi za vidole. Siwaungi mkono. Mtoto aliyekaa usiku akijifunza kupiga mstari ukanyooka hajamkosea mtu, na kumwambia kwamba uliopinda ndio wenye roho ni kumdharau. Mchezo ni wa yule aliyebanwa na hofu. Asiyebanwa apewe kazi ngumu. Nimemwambia atusubiri tukifika kwenye chapa, kutakuwa na wembe na kukata kwa uangalifu. Hakuonekana kuridhika, lakini wiki iliyofuata alikuja.

Bado Februari: manjano

Tulitaka rangi ya pili baada ya kahawa, ya bei nafuu. Tulinunua manjano ya unga Marikiti, tukayakoroga kwa maji ya moto, watoto wakapaka karatasi nzima kisha wakazipanga barazani zikauke. Mpango ulikuwa kuchora juu yake kwa wino.

Mmoja akaenda kunawa kwa sabuni ya mche, hakujifuta, akarudi kuokota karatasi iliyopeperushwa na upepo. Haikuwa yake. Palepale vidole vyake vitano vikatokea vyekundu juu ya njano.

"Damu!" akapiga ukelele aliyekuwa karibu. Mwenye karatasi akaanza kulia, na mwenye vidole akavigeuza mbele ya macho yake akitafuta alipojikata.

Si damu. Rangi ya manjano, ile kurkumini, hugeuka nyekundu ikikutana na kitu cha jamii ya sabuni, magadi au chokaa. Mmoja akakumbuka chokaa ya bibi yake ya kulia tambuu, akatumwa nyumbani akarudi nayo kwenye kikombe. Kuanzia hapo sikuwa na darasa tena. Mpango wa wino ukafa bila mazishi. Walichora kwa maji ya sabuni, wakachora kwa chokaa, wakagundua kwamba chokaa inakoza kushinda sabuni, wakapigana viganja juu ya karatasi.

Kisha, bila ya kuambiwa, mtoto mwingine akakamulia ndimu. Wekundu ukarudi njano mbele ya macho yetu. Tukatazamana na mwenzangu: raba imeingia kwa mlango wa nyuma.

Tulijadiliana haraka, kwa kunong'ona, tuifiche ndimu au tuiache. Tuliiacha, na nimefurahi. Yule aliyekuwa akilia aliichukua, akavifuta vidole vya mwenziwe kimoja kimoja, akafika kwenye gumba akasita. Akaliacha. Alipoulizwa akasema gumba limekaa vizuri. Nadhani tofauti na ile raba ya Januari ni kwamba huyu alifuta akichagua.

La kuandika kwa wanaotaka kuiga: manjano hayastahimili jua. Karatasi tulizozitundika dirishani zimepauka vibaya sana, vidole vyekundu na njano yake. Kwenye leso hayatatumika. Tutanunua rangi ya kitambaa.

Ramadhani

Tumesimama. Watoto wamefunga, joto ni kali, na baada ya alasiri kila mtu yuko jikoni au kwenye foleni ya viazi karai.

Siku za mwisho kabla ya Idi

Nimekaa kwa mpambaji wa hina mtaani, mama wa makamo, wasichana wamejaa ukumbini hadi ngazini. Alinikubalia nitazame mradi nisimzibe taa. Hina ni sanaa tunayoitaka hasa: haina raba. Nikamuuliza, mkono ukiteleza unafanyaje?

Hakuinua uso. "Inategemea mkono wa nani."

Wa mtoto, akasema, ukiteleza unazaa jani. Na kweli nilimwona: mshipa wa ua ulimkimbia kwenye kiwiko kwa sababu msichana alipiga chafya, akaurudia kwa ncha, akaugawa mara mbili, akaushonea nukta ndogo ndogo pembeni, na mkono wa pili akauchora vivyo hivyo ili ilingane. Msichana hakujua kama kumetokea kitu. "Lakini bi harusi hachezewi, mwanangu. Kalipa." Wa bi harusi hufutwa papo hapo, kwa njiti yenye pamba mbichi, kwa sababu hina hainyamazi: dakika chache tu imeshaacha chungwa. Na hilo chungwa si rangi yake, hukolea kwa siku moja au mbili. Kwa hiyo kosa la hina huwezi kulipima siku hiyo hiyo.

Nimeondoka na kanuni yake na nitaiingiza kwenye mradi kama ilivyo: kikiwa kibichi, rekebisha ukitaka, kikikauka, jenga juu yake. Ni bora mara mia kuliko ile kauli inayozunguka mitandaoni kwamba katika sanaa hakuna kosa. Lipo. Kumwagia rangi kazi ya mwenzako ni kosa. Kuchezea wembe ni kosa. Kuharibu kazi ya mtu aliyelipa ni kosa.

Watoto wameomba tuwaletee piko. Hapana. Piko nyingi ni rangi ya nywele, na kemikali yake ya PPD inaweza kuunguza ngozi hadi malengelenge. Hina ya majani inatosha.

Aprili, shule zimefungwa

Tuliwapeleka Fort Jesus. Wengi wanapita chini ya kuta hizo kila siku na walikuwa hawajaingia ndani. Ngome ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, na tangu 2011 imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, lakini sisi tulifuata kitu kimoja: michoro ya askari wa Kireno, meli na samaki na watu, iliyochorwa ukutani kwa makaa na udongo mwekundu.

"Nani aliwaruhusu wachore ukutani?"

"Walikuwa zamu. Hawana simu."

Hayo ndiyo maelezo bora niliyowahi kuyasikia kuhusu michoro hiyo. Kijana wa Likoni alikaa chini akaanza kunakili meli kwenye daftari lake. Hatukumwita hadi tulipokuwa tunatoka.

Aprili, mwisho: ndara

Chapa zetu tumezikata kwenye ndara za zamani. Soli ya ndara inakatika kwa wembe, haivunjiki, na inabeba rangi vizuri. Mali ghafi haihitaji bajeti: ufuo wa Pwani umejaa. Watoto wanaijua jahazi ya Flipflopi, iliyoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, ikavishwa ndara za kila rangi na kusafiri hadi Zanzibar mwaka 2019, kwa hiyo hakuna aliyeuliza kwa nini tunachezea takataka. Wembe wanashika wakubwa tu, na walimu kwa niaba ya wadogo.

Kila mmoja alikata jina au neno alipendalo. Hatukuwaambia kitu kuhusu kugeuza herufi. Mimi nilitaka kusema, mwenzangu akanikanyaga mguu.

Binti ambaye kwao ni Lamu alikata AMU, jina la kwao, kwa herufi kubwa, akapaka rangi, akagandamiza, akainua. Karatasi ikasema UMA. Akaiangalia soli: AMU. Akagandamiza tena kwa nguvu zaidi, labda hakubonyeza vizuri. UMA. Hapo wenzake wakaanguka. "Amu yako inauma!" Aliyekata UA akapata AU. Aliyekata jina lake lenye S na R akapata maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma, akatangaza kwamba ni Kijini.

Kisha mchezo ukajigeuza wenyewe, na hapa ndipo siku ilipokuwa tamu. Wakataka kujua herufi zipi zinafika salama. Wakazipanga mezani: A, H, I, M, O, T, U, V, W, Y hazijali, ziko vilevile. Wakaanza kuwinda maneno yanayotoka mzima mzima, yakapatikana AMA na UTU. Nyingine zote zikatupwa upande wa waliokosa. Halafu kijana mmoja mdogo, aliyekuwa kimya, akaishika chapa ya K iliyotoka imegeuka, akaizungusha juu chini, akaipiga. Ikatoka K safi. Akafanya hivyo kwa E. Ikatoka E. Akajaribu S: bado imegeuka. N: bado. F ikazidi kuharibika.

Sikulijua jambo hilo hadi aliponionyesha, na nimetumia usiku mzima kulithibitisha kwa vipande vya karatasi. K na E zina nusu ya juu na ya chini zinazofanana, kwa hiyo kuzipindua kunazirudisha. S na N ukizipindua ni zile zile, haziokoleki. Niliuliza amejuaje. "Nilikuwa nimeishika vibaya."

Kijana wa Likoni naye amepata kazi yake. Alitazama mara moja, akaelewa, akakata herufi zake zote kinyume, kingo zimenyooka. Hakuna aliyemwomba akate vibaya.

Jina

Leso bila jina ni shuka. Walileta mapendekezo mengi, mengine ya kuhubiri, mengine ya kurushiana vijembe na hayafai kuandikwa hapa. Niliwasimulia kanuni ya mpambaji wa hina, kikiwa kibichi na kikikauka, na mjukuu wa muuza kahawa akaropoka: USINIFUTE, NISHAKAUKA. Kura haikuhitajika. Hili lina ule ujeuri wa leso hasa, la kumvalia mtu upite mbele ya mlango wake.

Herufi ziligawiwa kwa kura ya vikaratasi. K mbili na E hazina shida, zitapinduliwa. F ilimwangukia kijana wa Likoni. S mbili na N mbili ziliangukia mchanganyiko wa wanaojua na wasiojua, na waliamua wenyewe zipigwe zilivyokatwa. Kwa hiyo N ya USINIFUTE inatazama upande wake na ya NISHAKAUKA imempa mgongo.

Mei, masika

Mvua imetukomesha. Kitambaa ni kama mita 3 kwa 2.2, yaani kila upande mara mbili ya leso ya kawaida, na hakuna pa kukitandaza ila ukumbini, nasi tukitambaa pembeni bila viatu. Wakati wa kaskazi rangi ilikuwa inakauka kwenye chapa kabla hujaipiga. Sasa haikauki hata kwenye kitambaa. Tunapiga sehemu, tunasubiri wiki, tunapiga sehemu. Ikikauka tunaweka karatasi juu na kupitisha pasi ya moto ili rangi ishike.

Tahadhari kwa watakaoiga: paka rangi kwa kipande cha sponji, usiichovye chapa. Rangi ikizidi inajaza mifereji uliyoikata, korosho, ile nakshi ya pindo, inatoka tope. Jaribu kwanza kwenye gazeti kuukuu.

Mji wa leso tumeupiga kwa komwe za bao. Unasimama ukingoni, unazirusha, zilipotua ndipo chapa yako inapokaa, upende usipende. Msanii Hans Arp alifanya jambo la jamii hii Zurich wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akiacha vipande vya karatasi vianguke na kuvigandisha. Sijui kama vipande vyake vilipulizwa. Komwe zetu zilipulizwa sana, kwa kisingizio cha kukohoa, na tulilazimika kuweka mwamuzi.

Pindo ndilo lililotusumbua. Makundi mawili yalianza pembe tofauti, kila kundi likija na korosho zake kuelekea kwa wenzao, na walipokutana pakabaki nafasi isiyotosha korosho nzima wala haifai kuachwa tupu. Kimya. Rangi ya pande zote mbili imeshakauka. Wengine wakataka kukata korosho nusu, wengine wakataka kupaka doa tu. Yule binti wa pweza akaomba brashi, akasema ana mstari wake mmoja tangu Januari. Hakuna aliyeweza kumkatalia, kwa sababu wote walikumbuka. Aliupiga mrefu, kutoka korosho ya mwisho ya huku hadi ya kule, una tumbo katikati pale mkono ulipotetemeka.

Juni

Wazazi walikuja kutazama. Baba mmoja alisimama mbele ya leso muda mrefu, mikono nyuma, akauliza kwa heshima kama tuna nyingine, iliyotoka vizuri. Akapewa njiti ya chelewa na kikombe cha kahawa, akaambiwa akae amchore mkewe bila kutazama karatasi. Mkewe ameichukua ile picha na nasikia iko kwenye friji.

Kuipinda tumeipeleka kwa fundi wa Biashara Street, katika wale wanaokaa na cherehani nje ya maduka. Macho yake yamezoea leso za kiwandani. Rangi ikihama kidogo tu kwenye pindo analiona kabla ya mteja. Aliikunjua yetu, akafika kwenye ule mstari, akaweka kidole. "Hapa mmekosea au ndivyo?"

"Ndivyo," akajibu kijana wa Likoni. "Ikikosewa nitakwambia."

Fundi akaicheka, akapinda pande zote nne, akatoza bei ya leso mbili.

Kisauni wameomba chapa ili waanze yao Agosti. Tuna herufi za kutosha isipokuwa S na N, ambazo kila mtoto ameng'ang'ania yake. Tumemwomba kijana azikate mpya, nyingine sawa na nyingine zilizogeuka. Ametutajia bei. Zilizogeuka ni ghali zaidi, kwa sababu hizo, anasema, itabidi azikosee vizuri. Mwenzangu anaona ni wizi. Mimi naona ni haki yake, na bado tunajadiliana.